Nilining'inia Chooni, Nikamhukumu Mkamwana

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla sijaanza kujitetea, maana najijua: nikipewa nafasi ya kujitetea tutakesha hapa. Jina langu liacheni. Na nyie wa Ileje mtakaonitambua, chekeni, lakini chekeni kwa adabu. Mimi ni mzee wa kanisa.

Nilimsingizia mkamwana wangu. Mke wa mwanangu, mama wa mjukuu wangu, mtu aliyeniokoa nisife kifo cha aibu kuliko vifo vyote. Nilisimama mbele ya ukoo nikasema alinitazama tu nikining'inia, akaniacha weee, mpaka alipojisikia ndipo akaja. Na nilikuwa nasema nilichokiona kwa macho yangu haya! Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Ngoja nianze mwanzo. Msinihukumu upesi kama nilivyohukumu mimi.

Kwetu huku milimani, kwa sisi tulioshikilia mila, mkamwana na baba mkwe ni watu wa kukwepana. Hampeani mkono. Hamli pamoja. Akikuona unakuja njiani anaingia shambani mpaka upite. Akiwa na neno la lazima, anapiga magoti kwa mbali, uso chini, anakuita taata, yaani baba, anasema, anaondoka. Si chuki, ni heshima. Vijana wa siku hizi wameziacha hizo, wengine wanakaa kochi moja na wakwe zao wanatazama mpira. Mimi nilikuwa nimekaza.

Mkamwana wangu tunamwita Mama Atu, kwa jina la mjukuu wangu. Kwao ni Kamsamba, kule bondeni kwenye mpunga na joto, na huko hawakazi hivyo. Lakini alipoolewa alizishika mila zetu zote bila kunung'unika, kuliko hata mabinti zangu. Miaka yote hiyo sikuwahi kumtazama usoni sawasawa. Ungeniuliza mkamwana wangu anafananaje, ningekuambia kitambaa chake cha kichwani.

Mwanangu anaziba matairi ya malori pale Tunduma, kwenye foleni ya mpakani. Anarudi nyumbani mwisho wa wiki. Kwa hiyo siku za kazi nyumba ni mimi, mke wangu, Mama Atu na Atu.

Sasa choo. Choo chetu alikijenga marehemu baba yangu: magogo yamelazwa juu ya shimo, udongo juu yake. Mwanangu aliniambia tangu zamani, "Baba, hiki choo kitakumeza." Nikamjibu, "Kilimmeza babu yako?" Kiburi cha uzee hicho, mwee!

Halafu kuna jambo la mtandao. Nyumbani kwetu simu haishiki popote, isipokuwa ukiingia chooni, usimame karibu na mlango, ugeukie bondeni. Hapo inashika vizuri ajabu. Mambo yangu yote mazito nimeyaongelea humo. Posa ya binti yangu wa mwisho niliikubali nikiwa chooni, na ndoa imedumu.

Siku hiyo asubuhi mke wangu alikwenda sokoni. Nikaingia chooni kumpigia rafiki yangu wa siku nyingi, dereva mstaafu wa malori, sasa hivi anauza maharage Tunduma. Ni mtani wangu huyo, hatujawahi kumaliza mazungumzo bila kutukanana kidogo. Nilikuwa nimesimama wima na nguo zangu zote mwilini, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Anaanza kunieleza bei ya maharage, mara nikasikia kraaa!

Gogo limekatika. Miguu ikaenda chini, mimi nikadaka gogo la jirani kwa viwiko. Simu ikanitoka ikalala pembeni kwenye udongo. Chini yangu hakuna kitu. Yaani kitu kipo, lakini si cha kukanyaga.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea.

Muda ulisimama. Sijui niseme vipi. Niliona mchwa kwenye gogo nililolishika, mweupe, amebeba chembe ya udongo, anatembea, anafika kwenye ufa, anafikiri, anazunguka. Niliona kila uzi wa utando wa buibui pale juu. Nilipata nafasi ya kuwaza mazishi yangu! Nikamuona mchungaji amesimama mbele ya jeneza anasema, "Ndugu yetu ametutangulia," na kwaya nzima inabana kicheko, maana wote wanajua nimetangulia wapi. Nikawaza koti langu jipya nani atalirithi. Nikakasirika, maana nilijua ni shemeji yangu.

Na mlango ulikuwa wazi. Ng'ambo ya uwanja, kwenye kamba ya nguo, alisimama Mama Atu ameshika beseni.

Niliona anageuka. Taratibu. Niliona analiweka beseni chini. Taratibu! Kuku akakatiza mbele yake, nikamuona kuku huyo unyoya kwa unyoya, anainua mguu, anaushusha. Mama Atu akafungua kanga kiunoni. Akanyanyua mguu. Nikasema moyoni, huyu anakuja au anaenda harusini? Kufika mlangoni, mwenzangu, akapiga magoti!

Hee! Nikasema, ananiamkia?

Ndipo akanishika mikono. "Taata, shika!" Akanipitisha kanga makwapani, akaegemeza mguu kwenye mhimili wa mlango, akavuta. Mwembamba yule! Nikatoka natambaa, na kwenye kutambaa nikaisukuma simu kwa kiwiko, ikatumbukia shimoni kulala pale ilipokuwa zamu yangu kulala.

Nilipojigeuza kumtazama alikuwa ameshainamisha uso anarudi nyuma. Akaniletea maji ya kunawa, akayaweka mbali, akaingia jikoni. Hakusema pole. Mimi nami sikusema asante. Kwa mila yetu ningeisema kupitia mke wangu, lakini sikuisema hata huko.

Badala yake nikakaa kwenye kigoda nikaanza kuupika ule muda kichwani. Kila nikiukumbuka unarefuka. Kwa nini aliweka beseni kwanza? Kwa nini alifungua kanga? Mbona nilipata nafasi ya kumtazama mchwa akienda na kurudi? Mtu anayetaka kukuokoa anakuacha umalize mazishi yako yote na kugawa koti? Mpaka jioni nilikuwa na jibu: alikuwa anafikiri. Alikuwa anapima kama mzee afe au asife, kwa sababu ya ukali wangu wa mila. Nikalala na hilo jibu, nikaamka nalo.

Mwanangu aliporudi nikaita kikao. Walikuja kaka zangu wawili, na yule shemeji wa koti. Mke wangu akaanza kusema, "Lakini hilo beseni..." nikamkatisha. Nikamwambia, "Wewe ulikuwa sokoni." Nikaeleza yote, beseni, kanga, magoti. Mimi ni msimuliaji, nyie! Niliwaeleza mpaka unyoya wa kuku. Mtu anayekumbuka mpaka unyoya wa kuku, nani atasema ni mwongo?

Mwanangu akamgeukia mkewe, aliyepiga magoti pale mlangoni na Atu mgongoni. Akamuuliza kwa upole, "Mama Atu, ni kweli ulisimama?"

Akamweka Atu vizuri mgongoni. Kisha akasema, "Sijui."

Jamani, sijui! Wazee wakaangaliana. Kaka yangu mkubwa akasema ambaye hakusimama angesema hakusimama. Ikaamuliwa arudi kwao kwanza, mpaka watu wake waje tukae tuelewane. Asubuhi akafunga mzigo wake, akampigia magoti mama mkwe wake, akanipigia magoti mimi kwa mbali kama kawaida. Atu akawa ananipungia mkono mgongoni kwa mama yake, "Kwaheri babu!" na mimi nikajifanya natazama migomba.

Gharama yake niwaambie. Mwanangu aliacha kuja nyumbani. Hakunitukana, hakununa, aliacha tu. Nikimtuma mtu Tunduma anajibiwa, "Mwambie baba malori ni mengi." Mke wangu akawa ananiwekea chakula, anaondoka na chake kwenda kula jikoni kwenye kiti cha Mama Atu. Siku moja nikalalamika kuwa chakula kimechelewa. Akasema, "Kimechelewa kweli, au umekiona kimechelewa?" Sikumwelewa. Nilidhani ananitania.

Nyumba ikawa kimya. Nilikuwa sijui kwamba yule mkamwana niliyemkwepa miaka yote alikuwa anaimba akitwanga. Nilijua siku kuimba kulipokoma.

Sasa siku moja akaja yule rafiki yangu wa Tunduma kununua maharage. Hajashuka vizuri kwenye pikipiki ananicheka.

"Nasikia choo kimekutapika!" akasema. "Hata chenyewe kimekukataa!"

Nikamwambia asicheke, ajue kilichonipata. Nikamkalisha, nikamsimulia yote na mwendo wake wote, mchwa, buibui, beseni, magoti. Nilipofika mwisho nikaona hacheki tena. Ananitazama kama mtu anayetazama tairi lenye msumari.

"Mzee mwenzangu," akasema, "ile simu hukuikata."

"Simu gani?"

"Tulikuwa tunaongea! Nilikuwa nakwambia maharage yamepanda. Nikasikia kraa, ukapiga yowe la mbuzi. Nikasema, 'Halo? Halo?' Na ya tatu iko mdomoni hapa, haijatoka, nikasikia sauti ya mwanamke iko karibu kabisa: 'Taata, shika!' Halafu mnahema hema, halafu simu ikafa. Baadaye nikampigia kijana wako akaniambia mzee mzima. Mimi nikajua mmemchinjia kuku yule binti!"

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia masikio yake yameharibiwa na injini.

Akainuka. Ana kitambi huyo, na goti lake moja ni bovu. Akaenda mpaka kwenye kamba ya nguo, akasema, "Wewe kaa chooni useme halo. Mimi nakuja." Choo chenyewe sasa ni shimo limefunikwa matawi, nikasimama kando yake. Nikasema, "Halo. Halo. Halo. Halo." Nimeshapoteza hesabu ya halo, mwenzangu bado yuko katikati ya uwanja anakohoa, kuku wamemkimbia wote. Alipofika alishika magoti akahema, akasema, "Umeona? Yule hakutembea. Yule aliruka."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni anatazama wazee wawili wanafanya mambo hayo. Aliingia ndani akatoka na beseni, akaliweka miguuni pangu. Limepasuka kuanzia ukingoni mpaka chini.

"Hili ndilo uliloliona likiwekwa taratibu," akasema. "Nililikuta limetupwa, nguo zimetapakaa kwenye matope. Nilizifua upya mimi. Nilitaka kukwambia kwenye kikao, ukasema nilikuwa sokoni."

Nilikaa chini, pale pale uwanjani.

Rafiki yangu akakaa kando yangu. Utani ulikuwa umemwisha. Akanisimulia kwamba zamani lori lake lilikatikiwa breki kwenye mteremko, akashuka nalo mpaka likalala kwenye shamba la watu. Yeye aliona ameshuka siku nzima. Alisoma herufi zote za kibao cha barabarani, akamuona ndege juu ya waya, akamuomba mke wake msamaha kwa mambo mengi. Utingo wake, aliyekuwa amesinzia, alisema aliamka na hapo hapo wakawa wamelala ubavu. Daktari aliyemfunga bandeji ndiye aliyemwelewesha.

"Kichwa kikiogopa hakichagui," akaniambia. "Siku za kawaida kinaokota mambo machache, mengine kinayaacha barabarani. Kikiona kifo kinaokota kila kitu, mpaka mchwa. Baadaye ukirudi kuangalia mzigo, unaukuta mkubwa, unasema, aa, safari hii ilikuwa ndefu! Kumbe safari ilikuwa fupi, mzigo ndio mwingi. Saa haikusimama, mzee. Ni wewe uliyebeba."

Hivyo, ndugu zangu, beseni nililiona. Kanga niliiona. Magoti niliyaona, alipiga magoti apate kunifikia. Kila kitu kilikuwa kweli isipokuwa urefu wake, na mimi nilimfukuza mtu kwa sababu ya urefu huo.

Kwa mila yetu ningemtuma mshenga. Baba mkwe hafungi safari mwenyewe kwenda kumwangukia mkamwana, haijapata kutokea! Kaka yangu mkubwa akasema nitauaibisha ukoo. Nikamwambia ukoo ulishaaibika siku nilipong'ang'ania choo cha marehemu. Nikachukua jogoo na maparachichi, nikashuka Kamsamba. Nilishuka na koti langu la baridi, mjinga mimi, kufika huko jogoo amelegea na mimi nimelegea, hatujui nani wa kumpepea mwenzake.

Baba yake ana moyo. Alinipa maji kwanza, hakuniuliza kitu. Kisha akamwita binti yake. Akaja, akapiga magoti kwa mbali, uso chini, kama alivyofundishwa nyumbani kwangu.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yote yalipotea. Nikasema tu, "Mama Atu, hukusimama. Nimekukosea. Nisamehe."

Nilidhani atalia, au atanijibu kwa ukali, na ningestahili. Lakini aliinua uso akanitazama, mara ya kwanza, macho makubwa yamejaa maji, akaniuliza, "Taata, una uhakika?"

Nikasema, "Nina uhakika."

"Maana na mimi niliona hivyo hivyo," akasema. "Nilikuwa nakimbia nisifike. Nakimbia, naona mikono yako inateleza, na uwanja hauishi. Uliposema nilisimama nikasema labda ni kweli. Labda miguu yangu ilikataa nisijue. Kila usiku nauliza moyo wangu kama nilitaka ufe."

Mungu wangu! Kumbe ile "sijui" ilikuwa sijui ya kweli. Nilimfukuza na mzigo wangu, na yeye akaubeba mpaka kwao akidhani ni wake. Nililia, mimi mzee wa kanisa, mbele ya wakwe, na jogoo ananitazama.

Nikamwambia habari za halo, na za beseni, na za mzee mwenye kitambi alivyokimbia uwanjani. Nilipofika kwenye kukohoa akaziba mdomo kwa kanga. Baba yake akacheka kwanza, ndipo na yeye akacheka. Nikanyoosha mkono. Akautazama mkono, akamtazama baba yake, akaushika. Kwenye kifundo cha mkono wake kulikuwa na alama za kucha zangu, zimebaki mpaka leo.

"Nitarudi, taata," akasema. "Lakini choo kwanza."

Nimekijenga. Cha zege, kina mfuniko, na shimo lile la zamani nimelifukia pamoja na simu yangu, ilale salama, ilikuwa shahidi mwema. Mwanangu alikuja na mifuko ya saruji bila kuitwa. Na zile siku za kungoja saruji ikauke ndipo Mama Atu arudi, ndugu zangu, hizo ndizo zilizokuwa ndefu kweli.

Nawaonya nyie wenye vikao. Mtu aliyetoka kwenye hatari akiwaambia "alichelewa," mwacheni apoe kwanza, halafu muulizeni aliyekuwa mbali. Na wewe uliyeokolewa, kabla hujauliza mwokozi wako alikuwa wapi, sema asante. Asante haitaki ushahidi wa saa. Mimi nilianza na hukumu nikamaliza na asante, na katikati yake nimepoteza msimu mzima wa sauti ya Atu.

Mila nimebakiza kidogo. Hatupeani mkono kila siku, na njiani bado ananipisha. Ila nikiingia chooni na simu yangu mpya, nikikaa kidogo tu, namsikia anaacha kutwanga.

"Taata! Bado upo?"

"Nipo, mwanangu."

Na anaendelea kuimba.